Ngazi Kumi na Mbili za Byamungu

Area 25, Lilongwe
Jumapili, 14 Januari 2024

Shemeji Gakiza,

Salamu kwako, kwa dada yangu Annuarite na kwa watoto. Barua hii anakuletea Mama Irangabiye, anayekuja na vitenge vyake soko la huku kila Jumatano na Jumamosi. Simuni usinitafute. Simu iliangukia kwenye pipa la maji ya zege na haijafufuka.

Kazi nimepata. Najenga nyumba ya tajiri mmoja, ingawa kusema "najenga" ni kujisifu. Nabeba matofali, nachanganya saruji, halafu nalala hapo hapo kulinda mabati. Mgongo wangu ni wa mzee na mimi nina miaka ishirini na minne. Lakini unajua sikuja Lilongwe kwa ajili ya matofali. Nilikuja na saksafoni ya kwaya, mliyonipa mpaka Pasaka, nipate kiti katika bendi ya jazz.

Leo nilikwenda kujaribiwa. Bendi ni ya mama mmoja, Amayi Msiska, mwalimu mstaafu anayepiga piano. Wanapiga kila Jumapili mchana katika bustani ya mkahawa, na mpuliza saksafoni wao amehamia Blantyre. Amayi ni mtu wa Karonga, Kiswahili anakijua. Kabla sijafungua kasha aliniuliza, "Nani alikufundisha?"

Nikamwambia yote, hata yale ambayo wewe sijawahi kukuambia. Kwamba nilianza Bukavu nikiwa na miaka kumi, na nilichaguliwa kwa sababu ya meno. Mzee Apollinaire, aliyepuliza saksafoni katika fanfare ya parokia, ile bendi ya tarumbeta na ngoma, alikuwa amepoteza meno ya juu, na bila meno ya juu huwezi kushika bec, kile kipande cha kupulizia, mdomoni. Akapita mstari wa watoto wa katekisimu akisema, "Fungua kinywa. We pia, fungua," kama mnunuzi wa mbuzi. Yangu yalikuwa yamenyooka. Baada ya hapo alinisikilizisha kaseti zake za jazz na kunikemea: "We mutoto, unapuliza ao unapoza chai?"

Nikamwambia kwamba tulipokimbia nilikuwa na miaka kumi na minne. Saksafoni ilibaki, nikaondoka na bec tu mfukoni. Hapo kambini Dzaleka niliipuliza bec peke yake miaka mitatu, nyuma ya vyoo, mpaka majirani wakauliza nani anafuga bata. Halafu ikaja saksafoni ya msaada kanisani, na wewe na kinanda chako mkanipokea, na kwa miaka sita hatujagongana hata mara moja.

Amayi akasema, "Vizuri. Tupige. Wimbo uko F."

F ni fa, hilo nalijua. Nikaingia kwa fa, kifua mbele.

Shemeji, ilikuwa kama malori mawili kukutana darajani. Mpiga ngoma alifumba macho. Amayi akasimamisha wimbo, akasema tena, "F." Nikapuliza fa ile ile kwa nguvu zaidi, nikidhani hawanisikii. Mtu wa besi alisema neno la Kichewa ambalo nimeshajifunza kazini. Mwishoni Amayi aliteremsha kifuniko cha piano polepole, akaniambia, "Sauti yako ni nzuri sana, kijana. Ila hujui uko wapi."

Kiti hatakijaza mpaka mwisho wa Machi. Nataka kurudi. Niambie, saksafoni imeharibika? Au mimi?

Ni mimi,
Byamungu


Dzaleka, 20 Januari 2024

Shemeji yangu mpendwa,

Nimesoma barua yako nikiwa na sindano mdomoni na karibu niimeze. Piano za mikahawa! Mvua inazinyeshea, panya wanazalia ndani, halafu anakuja mtu anamlaumu mgeni. Saksafoni yako ni nzima na wewe ni mzima. Mwambie huyo mama aite fundi wa piano.

Na ukiona vigumu, rudi. Hapa hakuna anayekuambia hujui uko wapi. Uko Dzaleka, kila mtu anajua! Kwaya inakuuliza kila Jumapili. Dada yako anasema umekonda, sijui amekuona kwa darubini gani.

Nina magauni manne ya harusi ya Jumamosi na bi harusi mwenyewe ananenepa kila nikimpima. Kwa hiyo naishia hapa.

Shemeji yako,
Gakiza


Area 25, 28 Januari 2024

Shemeji,

Nimemwambia mwalimu mstaafu, mbele ya bendi yake, kwamba piano yake ni mgonjwa. Nimesema kwa kinywa changu hiki, kwa sababu wewe umeniambia.

Hakukasirika. Alisema, "Piga do." Nikapiga. Akabonyeza piano mpaka akaipata sauti yangu, akaniita nitazame kidole chake. Kilikuwa juu ya mi bémol, ile mi iliyoshushwa nusu. "Hiyo ndiyo do yako," akasema. "Kila saksafoni ya aina hii duniani iko hivyo, imetengenezwa hivyo kiwandani. Piano ikipiga fa, wewe unatakiwa kupiga ré. Ikipiga do, wewe la. Unahama kila mara. Hii ni siku ya kwanza ya mafunzo, mwanangu. Mwalimu wako hakukuambia?"

Nilisema Mzee Apollinaire alinifundisha katika fanfare, na pale hapakuwa na piano. Kila mtu alifundishwa kwa vidole: huyu afunge viwili, yule afunge vitatu, na zote zikatoka pamoja.

Akauliza, "Na kanisani? Miaka sita na kinanda mlipatanaje?"

Nilirudi kwa miguu mpaka Area 25 nikilitafuta jibu na sikulipata. Kanisani ukisema do mimi napiga do, na inakuwa tamu. Kwa nini inakuwa tamu, shemeji? Kinanda chako ni cha aina gani?

Nijibu hilo tu. Habari za bi harusi zisubiri.

Byamungu


Dzaleka, tarehe 3 mwezi wa pili

Mudogo wangu Byamungu,

Mi si mutu wa barua, unajua. Lakini ile barua yako Gakiza aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya cherehani, na siku tatu sasa anashona juu yake kama haiko. Njo nikaitoa.

Kwenye kinanda kuko kitufe. Mutu akikibonyeza mara tatu, sauti yote inapanda, na vidole vinabaki pale pale vilikuwa. Ukiingia na saksafoni, anakibonyeza. Ukitoka, anakirudisha. Alishona kitambaa cha kufunika kinanda, kile cha maua, watu wanasema ni cha vumbi. Si cha vumbi.

Niliona toka siku ya kwanza. Nilikuwa nyuma yake na mutoto wetu Bora mugongoni. Nikamuuliza, "Unafanya nini?" Akasema, "Nyamaza, nitamwelezea wiki inayokuja." Bora ule wa mugongoni leo anasoma.

Mi pia ninakosa, maana nilinyamaza. Nilikuona unafurahi, nikasema nani mi kuharibu.

Usimutukane mume wangu. Lakini usimwache pia. Mwambie ajibu.

Hapa tuko na nsima ya kula na afya. Kula vizuri.

Dada yako,
Annuarite


Area 25, 11 Februari 2024

Gakiza,

Leo sikuiti shemeji.

Nilidhani tunapatana. Kumbe ulikuwa unanishika kama mtoto anayejifunza kutembea, mikono yako chini ya makwapa yangu, na mimi nikatembea kijiji kizima nikijiita mwanaume. Nimemwambia mama mgeni kwamba miaka sita hatujagongana. Nilijivunia hilo kuliko kitu chochote.

Na nilipokuuliza, ulinituma nikamtukanie piano yake.

Nataka sababu. Usiweke utani ndani.

Byamungu


Dzaleka, 18 Februari 2024

Byamungu,

Nimeandika mara nne. Tatu zilikuwa na utani, nimezichana.

Sababu ya kwanza utaipenda. Siku saksafoni ile ilipofika, kanisa lilijaa. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na kambi nzima ilijua habari ya bec na bata. Ulipopuliza sauti ya kwanza ikagongana na kinanda changu, watu wakaanza kucheka, na nikaona uso wako. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye kitufe. Ulipopuliza tena ikawa tamu, na watu wakasimama. Hiyo ni kweli, na kama ningekuwa mtu wa kukuficha tena ningeishia hapo.

Sababu ya pili ndiyo ya kweli zaidi. Kama ningekueleza, ungesema, "Basi shemeji, nifundishe ngazi zingine, nyimbo zianzie mahali pengine." Na mimi sina. Bujumbura nilijifunza kinanda kwa kumtazama kijana mmoja dirishani, naye alipiga do tu, vidole vilevile kwa nyimbo zote. Mimi napiga do, Byamungu. Ukiondoa kile kitufe, nyimbo zote za kwaya nazijua mahali pamoja. Watu hapa wananiita maestro. Mchungaji ananitambulisha kwa wageni. Nina miaka arobaini na saba na ninaogopa wimbo wa si bémol kama mbwa mkali.

Kwa hiyo nilikuambia piano ni mbovu. Nilitaka urudi. Ukirudi, kitufe kinabaki kati yangu na kitambaa.

Sina ushauri wa kukupa kuhusu muziki. Ninachoweza kukupa ni shati. Nimekushonea jeupe, Mama Irangabiye analo. Ukiona huwezi kulivaa, mpe mtu.

Gakiza


Area 25, 10 Machi 2024

Shemeji,

Shati linanitosha, ila mabega yamebana kwa sababu ya matofali. Nimelala na hasira wiki mbili. Haikunisaidia kubeba hata ndoo moja, nikaiacha. Sasa nikuambie ninavyofanya.

Amayi Msiska alinieleza kwamba ngazi ni kumi na mbili. Ukizijua zote, mtu akikuambia herufi yoyote unajua pa kusimama. Hakunifundisha zaidi, ana wanafunzi wanaolipa. Alizipiga mara moja, mimi nikaandika kwenye mfuko wa saruji.

Nyumba tunayojenga haijapigwa lipu. Nilihesabu kuta za ndani zilizosimama peke yake, nikachagua kumi na mbili. Kila ukuta nimeupa ngazi moja. Nimeiandika kwa mkaa, kubwa, kutoka juu mpaka chini: kushoto anachopiga piano, kulia ninachotakiwa kupiga mimi. Sebuleni kuna fa. Jikoni kuna si bémol, ambayo unaiogopa, na nakuambia ina harufu ya chokaa tu. Saa kumi na moja tukiacha kazi naoga, nachukua saksafoni, nasimama mbele ya ukuta mmoja mpaka giza liufute.

Fundi wa lipu, Bambo Mbewe, aliingia siku ya kwanza akarudi nyuma. "Iwe, Mkongo! Unairoga nyumba ya watu?"

Nikamwambia, "Ni muziki."

"Muziki gani unaandikwa kama deni?"

Nikampigia sebule yote, kupanda na kushuka. Akasikiliza, akashukuru, "Zikomo. Lakini Jumatatu naupiga lipu ukuta huu."

Na ameupiga. Hapo ndipo ilipo shida yangu na bahati yangu. Bambo Mbewe anamaliza ukuta mmoja kila siku mbili, na anayemchanganyia lipu ni mimi. Kwa hiyo najua ukuta gani unafuata, na lazima ngazi yake iwe kichwani kabla sijamletea ndoo. Ukuta wa korido ulinishinda. Nilimwomba asubiri siku moja tu. Akasema tajiri hasubiri. Nikausimamia alfajiri kabla wengine hawajaamka, midomo ikapasuka, na saa moja nilimpelekea lipu mwenyewe. Niliona mkaa unapotea na sikuutazama tena. Ulikuwa umeshaingia kichwani.

Zimebaki kuta tatu. Mikono usiniulize. Nikishika saksafoni vidole havifungi vizuri mpaka nivichovye kwenye maji ya moto.

Sitarudi kabla sijajaribiwa tena. Mwambie dada.

Shemeji yako,
Byamungu


Area 25, 17 Machi 2024

Shemeji,

Leo nilijaribiwa.

Amayi hakutaja herufi. Alianza tu kupiga, akanitazama. Nikatafuta kwa sauti ya chini, nikampata: si bémol, jikoni. Nikaingia kwa sol. Tulipokwenda kidogo, akahama katikati ya wimbo bila kunionya. Nikahama. Akahama tena. Mtu wa besi alianza kutabasamu kwa ubaya, kama mtu anayesubiri mwingine ateleze kwenye matope. Mara ya tatu Amayi alipohama, niliteleza. Ilikuwa ile ngazi ya korido. Nikanyamaza, nikasikiliza mistari miwili mizima bila kupuliza, mpaka nikaona aliposimama. Nikaingia. Ikakaa.

Wimbo ulipokwisha nilidhani atasema kuhusu kuteleza. Alisema, "Umenyamaza. Nani alikufundisha kunyamaza?"

Nikasema, "Hakuna, Amayi. Niliogopa."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Basi endelea kuogopa hivyo hivyo. Tarehe saba Aprili, saa nane mchana." Amesema pia ataniandikia barua ya kuombea kibali cha mkimbizi cha kukaa mjini siku za kupiga.

Sasa sikia. Saksafoni ni ya kwaya, na mlinipa mpaka Pasaka. Nitakuja Pasaka nipige na nyinyi kama nilivyoahidi. Lakini tarehe saba ni baada ya Pasaka. Nikiiacha huko, nitakuja kwenye kiti changu mikono mitupu, na Amayi ana watu wengine wawili wanaosubiri.

Anayeamua ni Mama Arlette na kwaya yake. Wataniuliza, "Miaka sita umepiga vizuri hapa, kwa nini unahitaji kwenda kupigia watu wanaokula?" Sina jibu la kweli bila kusema kitufe. Na kitufe ni chako, si changu. Mimi sitakisema. Nikisema, nitakuwa nimelipiza.

Fanya unavyoona. Nakuja Jumamosi kuu.

Byamungu


Dzaleka, 21 Machi 2024

Shemeji,

Jana Jumatano kwaya ilikuwa na mazoezi. Dada yako alikaa mstari wa mbele na ufumaji wake, yeye ambaye haimbi. Nikajua sitatoka bila kusema.

Niliondoa kitambaa. Nikawaonyesha kitufe, nikakibonyeza mara tatu, nikapiga do, ikapanda. Nikawaambia kwamba Byamungu alikuwa mahali pake siku zote na mimi ndiye niliyekuwa nikisogeza kanisa zima limfuate, na wao hawakujua. Nikasema kwamba sijui kupiga kwingine. Nikasema sasa amejifunza kwa mikono yake huko kwenye saruji, na kwamba nikimrudisha hapa nitamrudisha kwenye kitufe.

Mama Arlette akasimama. Unamjua anavyosimama.

"Kumbe njo maana!" akapiga kelele. "Miaka sita koo linaniwaka kila Jumapili, nalia kwamba nyimbo ziko juu, na we Gakiza unaniambia, 'Mama, kunywa tangawizi'! Nimekunywa tangawizi ya Malawi nzima!"

Honoré, mwimbaji wa besi wa kwaya, alianguka kwenye benchi kwa kucheka. Mimi nilibaki nimesimama. Mwishoni Mama Arlette alifuta macho, akatoa hukumu. Saksafoni ibaki kwako, uje nayo Jumapili moja kila mwezi, ibada ya asubuhi. Na mimi kitufe nisikiguse tena. Honoré alikuja leo na gundi ya viatu akakigandisha. Nyimbo zitaimbwa zinapofaa koo la mwenye kuimba, na maestro atafute njia yake.

Nimeanza na fa. Dada yako ananisikiliza akiwa na sufuria mkononi na anakohoa nikikosea. Anakohoa sana.

Pasaka usinifuate. Baki kwenye ré yako, nitakuja.

Gakiza


Area 25, Jumanne, 9 Aprili 2024

Shemeji,

Pasaka ulipotea kwenye ubeti wa pili. Sijui kama ulisikia kwamba kwaya yote ilipunguza mwendo. Mimi nilisikia. Nilishika sauti moja ndefu mpaka pumzi ikaniisha, na uliporudi nilikuona shingo imelowa jasho. Nimepiga na wewe miaka sita na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kupiga na wewe.

Juzi ilikuwa siku yangu ya bustanini. Nilivaa shati. Watu walikuwa wanakula kuku, watoto wanakimbizana kwenye majani, na nyimbo mbili za kwanza hakuna aliyeinua kichwa. Wimbo wa tatu Amayi alinigeukia, akaacha kupiga mkono wa kulia. Maana yake ilikuwa: nenda peke yako. Nikaenda. Sikupuliza kwa nguvu. Nilisimulia polepole, na nilipofika mahali pa kuwarudishia wimbo sikuurudisha, nilizunguka mara moja zaidi kwa sababu nilitaka. Mama mmoja aliacha kijiko hewani. Mtu wa besi alisema lile neno lake la Kichewa, na safari hii alilisema vizuri.

Mpaka jioni midomo ilikuwa imevimba, na bado haijapoa. Leo asubuhi nikichanganya lipu ya ukuta wa nje, Bambo Mbewe alinitazama.

"Iwe, Mkongo, nani amekupiga?"

"Hakuna. Juzi nilikuwa kazini."

"Jumapili?"

"Ndiyo," nikasema. "Jumapili niko kazini."

Byamungu